Lenzi ya Fundi

"Fundi!"

Mwanamke aliyesimama mlangoni alikuwa na suruali ya mumewe mkononi na haraka zake usoni. Vichwa viwili viliinuka kwa pamoja, kimoja nyuma ya cherehani, kingine kwenye meza ya pasi.

"Naam," akajibu yule wa meza ya pasi.

"Samahani, mama," mwanamke akasema, akaona aibu kidogo. "Si Fundi wa zamani. Namtaka huyu Fundi."

Fundi wa zamani! Lisikieni jina hilo. Linatamkwa kwa heshima zote, na linachoma kuliko tusi. Dada mtu aliinamisha kichwa akaendelea kupiga pasi kola ambayo ilikuwa imenyooka zamani, huku mdogo mtu akipokea ile suruali, akipima kiuno kwa futi, akicheka na mteja. Walikuwa wakicheka nini? Hakuna. Kiuno cha mume wa mtu. Lakini dada mtu aliisikia kila sauti ya kicheko kile na kuihesabu kuwa imeibwa kwake.

Chumba kile cha kushonea, chenye dirisha moja linalotazama barabarani, kilikuwa chake. Miaka thelathini mtaa ulimwita Fundi bila kuongeza neno, na mdogo wake alikuwa mtu wa kufumua nyuzi na kupiga pasi. Kisha ukungu ukamwingia machoni. Siku moja akashona vifungo vyeusi kwa uzi wa buluu kwenye koti la mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akalivaa mpaka shuleni, watoto wakauona uzi huo kabla yake. Wiki ile ile madada wakabadilishana viti.

"Pumzika kidogo, Dada, mpaka utolewe mtoto wa jicho," mdogo mtu alisema.

Hicho "kidogo" sasa kilikuwa na miaka miwili. Kliniki ya macho ilimwandika kwenye foleni, ikasema itapiga simu. Namba aliyoandikisha ilikuwa ya mdogo wake, kwa sababu yeye simu alikuwa haioni tena; aliona mwanga tu unaowaka. Basi akangoja. Kila simu ilipoita chumbani alisimamisha pasi hewani, na kila mara ilikuwa mteja akiuliza nguo yake.

*

Jumatano ile jioni umeme ulikuwa hafifu. Mdogo mtu alikuwa ameinamia gauni la harusi la watu, anashona lulu moja moja, pua inakaribia kugusa kitambaa. Ghafla akainua kichwa.

"Dada, hii balbu ina nini?"

"Ina nini?"

"Imezungukwa na rangi. Kama upinde wa mvua."

"Ndiyo uchovu huo. Lala."

Hakulala. Kabla chai haijachemka alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, analia kwamba jicho la kushoto linataka kutoka. Akatapika mara mbili kwenye beseni la kulowekea nguo. Jicho likawa jekundu. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini kama kawaida yake, kwa hiyo aliyeshika beseni alikuwa dada mtu. Alimshika mdogo wake mgongo, akampa vidonge vya maumivu, akasema pole, pole, na pole hiyo ilikuwa ya kweli. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Alimpenda. Ila alimpenda na kumwonea wivu kwa moyo ule ule mmoja, na moyo hauna vyumba.

Asubuhi wakaenda kliniki. Dada mtu alikaa kwenye benchi la nje saa nne nzima, huku mdogo mtu akitundikiwa dripu na kutiwa matone ndani. Alipotoka, maumivu yalikuwa yametulia. Alikuwa amepauka, ana chupa mbili za dawa na karatasi.

"Wanasema ni presha ya macho," alieleza wakiwa njiani kurudi. "Wameishusha, lakini inaweza kupanda tena wakati wowote. Watanifanyia operesheni. Watanitoa lenzi."

Dada mtu akasimama katikati ya njia. Mtu wa mkokoteni akampigia kelele.

"Watakutoa nini?"

"Lenzi. Halafu wanaweka ya plastiki."

"Hiyo ni operesheni ya mtoto wa jicho! Mimi ndivyo nilivyoambiwa, neno kwa neno. Wewe una mtoto wa jicho?"

"Sina. Daktari amesema lenzi yangu ni safi kabisa."

"Safi! Sasa kitu safi kinatolewa cha nini?"

"Dada, mimi sijui. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Alieleza, sikushika. Alisema watanipigia simu upesi."

"Upesi," dada mtu akarudia. Hakusema neno jingine mpaka nyumbani. Lakini ndani yake alisema mengi. Kiti kachukua. Jina kachukua. Wateja kachukua. Mume anaye, hata kama ni wa kwenye malori. Sasa hata ugonjwa wangu kautaka! Mtu anatunga uzi kwenye sindano nyembamba ya namba tisa bila miwani, eti ndiye wa kutolewa lenzi, na mimi ninayepapasa mlango wa choo nipo kwenye foleni.

Usiku kucha alilipangua na kulipanga jambo hilo, na kufikia alfajiri alikuwa amepata jibu lililompendeza. Kadi zimechanganywa. Baba mmoja, ukoo mmoja, nyumba moja, kazi moja, namba ya simu moja. Karani yeyote angekosea. Zamu ilikuwa yake, wameiandika kwa mdogo wake.

*

Simu ilipigwa Jumamosi. Mdogo mtu alikuwa anaoga. Dada mtu aliweka pasi chini, akapapasa juu ya meza, akabonyeza kule kunakowaka.

"Haloo, hapa ni kliniki ya macho," sauti ya kiume ikasema. "Naongea na Fundi?"

Hapo ndipo kila kitu kilipogeukia. Angeweza kusema ngoja nimwite. Maji yalisikika yakimwagika bafuni, hatua saba kutoka pale aliposimama. Lakini ni nani duniani alikuwa na haki zaidi ya kuliitikia jina lile?

"Ndiye," akajibu.

"Operesheni yako ya lenzi ni Jumanne, saa moja asubuhi. Uoge, uje na kadi na mtu wa kukusindikiza. Usichelewe, daktari anaondoka siku hiyo hiyo."

"Nitakuja."

"Nani huyo?" mdogo mtu akauliza, akitoka na taulo kichwani.

"Mteja. Anataka kujua kama tunashona mapazia."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia tunashona."

Je, alidanganya? Ukimuuliza yeye, aliulizwa kama ni Fundi, akasema ukweli. Ukiniuliza mimi, nusu ya moyo wake iliamini kadi zimechanganywa, na nusu nyingine ilijua vizuri sana kwamba haikuamini. Ndiyo maana Jumanne asubuhi, alipoaga kwamba anakwenda kununua zipu, aliichukua ile simu akaitumbukiza kwenye mkoba wake. Anayekwenda kuchukua haki yake hafichi simu.

*

Mapokezi pale kliniki palijaa. Karani alikuwa na orodha ya majina na kalamu sikioni.

"Fundi?"

"Ndiye."

"Msindikizaji wako yuko wapi?"

"Anakuja nyuma."

Akaweka tiki. Muuguzi kijana akamketisha pamoja na wazee wengine watano, akambandika plasta ndogo juu ya nyusi ya kushoto kuonyesha jicho la kupasuliwa, akamtia matone, tena matone, mpaka mboni zikapanuka na ule ukungu wake wote ukawa mweupe unaong'aa. Dada mtu alikaa ameshika mikono mapajani kwa furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka miwili. Alikuwa tayari anashona. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na mdogo wake amesimama kwenye pasi, na mteja anaingia mlangoni anaita, na kichwa kinachoinuka ni kimoja.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alipita kuwaangalia wagonjwa mmoja mmoja kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Alimfikia, akamwekea mwanga jichoni. Akaangalia karatasi, kisha akaangalia jicho tena.

"Mama, hili si jicho nililoliona Alhamisi."

"Ni langu, daktari."

"Najua ni lako. Lakini mimi namngoja mtu mwenye presha ya macho, mwenye lenzi safi. Wewe una mtoto wa jicho aliyekomaa. Wewe ni nani?"

Wazee watano wakageuka. Dada mtu akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni Fundi, na kwamba walichanganya kadi, na kwamba mdogo wake haumwi chochote, anaona mpaka nzi ukutani.

"Mpigie huyo mdogo wake," daktari akamwambia karani.

Karani akapiga. Simu ikaita ndani ya mkoba wa dada mtu. Iliita kwa muziki wa harusi aliouchagua mdogo mtu, na kwa kuwa mwenye mkoba, kwa matone yale, hakuona hata mwanga wa kubonyeza, iliendelea kuita huku chumba kizima kikisikiliza. Mzee mmoja akacheka, kisha akajizuia. Muuguzi kijana ndiye aliyeingiza mkono kwenye mkoba na kuizima.

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Sikiliza, mama. Ndani ya jicho mnatengenezwa maji, na yana mfereji wa kutokea. Macho ya mdogo wako yaliumbwa na nafasi ndogo. Kadiri umri unavyokwenda lenzi inanenepa. Sasa ya kwake imesukuma mbele lile pazia lenye rangi, pazia limeegemea mfereji, maji hayatoki. Presha inapanda. Nikiitoa lenzi nene nikaweka nyembamba, pazia linarudi nyuma, mfereji unafunguka. Siitoi kwa sababu ni chafu. Naitoa kwa sababu imekaa mlangoni."

"Na mimi?"

"Wewe unaona ukungu. Ukingoja miezi, nikiutoa utaona vilevile. Yeye presha ikipanda tena inaua mshipa wa jicho, na mshipa ukifa haurudi. Matone aliyopewa ni ya kusukuma siku tu. Mimi hapa nakuja wiki moja tu kwa mwezi. Leo naondoka saa nane. Jicho lile halina mwezi. Nenda ukamlete."

Karani wakati huo alikuwa amekwenda kwenye kabati na kurudi na faili jingine. Nadhani alitaka kujisafisha mbele ya daktari.

"Tena huyu mama naye alikuwa na zamu yake," akasema. "Mwezi wa tatu. Tulipiga simu mara mbili."

"Mlimpigia nani?" dada mtu akauliza.

"Namba hii hii. Akapokea mwanamke. Imeandikwa hapa: dada amesafiri, hahitaji tena."

*

Hakuwa amesafiri. Maishani mwake hakuwahi kusafiri zaidi ya sokoni.

Alitoka nje na jua likampiga kama kofi, kwa sababu ya yale matone. Kila kitu kilikuwa cheupe. Alipapasa ukuta mpaka akafika kwenye ngazi za duka la rangi lililofungwa, akakaa. Ilikuwa saa nne unusu. Nyumbani ni nusu saa kwa miguu kwa mtu anayeona.

Kumbe! Kumbe miezi minne sasa angekuwa anaona! Miezi minne ya kupapasa, ya kuambiwa Fundi wa zamani, ya kumwaga chai nje ya kikombe, na mdogo wake akimwambia, "Vumilia, Dada, watapiga." Kila siku alikuwa akimwambia hivyo, akimtazama kwa macho yake mazima.

Basi akae. Akae tu pale kwenye ngazi mpaka saa nane ipite. Hatakuwa amefanya lolote, atakuwa amekaa. Jicho life, na la pili lifuate. Kiti kitakuwa wazi. Aliliwaza hilo wazi kabisa, bila kujificha, na ladha yake ilikuwa tamu. Saa nzima alikaa anainyonya ladha hiyo.

Kilichomwinua ni kitu cha ajabu, na nakisema kama alivyokuja kukisema mwenyewe. Alianza kuona itakavyokuwa. Mtaa mzima utajaa ndani. Watu watakuja na sukari, watakuja na matunda, watasema maskini Fundi, na umri wake ule, na mkono wake ule. Mume atarudi na lori akilia. Watamshika mkono kumvusha barabara. Na yeye, aliyekuwa nusu kipofu miaka miwili, ni nani aliyewahi kumwambia maskini? Ni nani aliyemletea hata ndizi? Hata upofu mdogo wake angeufanya vizuri zaidi yake!

"Hapana," akasema kwa sauti, mpaka mpita njia akageuka. "Hilo hanichukulii."

Akasimama, akapunga mkono barabarani kwa kitu chochote chenye ngurumo, mpaka pikipiki ya kukodi ikasimama.

*

Mdogo mtu alikuwa kwenye cherehani, kiganja kimefunika jicho la kushoto, anashona kwa la kulia.

"Umepata zipu?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Linakuuma tena?"

"Tangu saa tatu. Kidogo."

"Vaa viatu. Operesheni yako ni leo."

"Leo? Mbona hawajapiga simu?"

"Walipiga Jumamosi."

"Nani alipokea?"

"Fundi," dada mtu akasema.

Cherehani ikanyamaza. Mdogo mtu akainua kichwa, akamtazama dada yake: mboni zilizopanuka mpaka ukungu mweupe ukaonekana ndani yake, plasta juu ya nyusi, machozi ya jua mashavuni.

"Dada. Ulikwenda wewe."

"Nilikwenda mimi na nimerudi mimi. Nimechekwa na wazee watano. Pikipiki iko nje inangoja. Utavaa viatu au nikubebe?"

Mdogo mtu alivaa viatu. Njiani walikaa wote wawili nyuma ya dereva, wamebanana, na kwenye tuta maumivu yalipomzidi mdogo mtu aliegemea mgongo wa dada yake akauma nguo. Dada mtu alilishika goti lake kwa nguvu. Kuhusu mwezi wa tatu hakusema kitu. Alikuwa amelifungia mdomoni, na lilimjaa mpaka alishindwa kumjibu dereva aliyeuliza wanakwenda lango lipi.

Walifika saa sita na robo. Muuguzi kijana akamchukua mdogo mtu mbio mbio, na karani, safari hii, akalinganisha jina na kadi mara tatu.

"Msindikizaji atie saini hapa," akasema.

"Wapi?"

"Hapa kwenye mstari."

"Mwanangu, mimi mstari siuoni."

Karani akamshika kidole akakiweka kwenye karatasi, akampa kalamu. Dada mtu akaandika jina lake lote, kubwa, likapita nje ya mstari na kuvuka hadi kwenye karatasi ya mtu mwingine.

*

Asubuhi yake bandeji ilifunguliwa. Daktari alikuwa ameshaondoka, ila muuguzi alipima presha ya jicho akatabasamu, akapima tena.

"Imeshuka vizuri sana. La kulia utafanyiwa mwezi ujao, kabla nalo halijaanza vituko. Usilisugue jicho, usiinamie cherehani wiki mbili, na usilie. Maji ya machozi utayafuta kwa mkono, mkono una vijidudu."

Akawaacha peke yao kwenye chumba chenye vitanda vinne na mapazia ya kijani. Mdogo mtu alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anashangaa.

"Dada, hayo mapazia upindo wake umeshonwa vibaya. Nauona mpaka hapa."

"Hongera."

"Ungeniacha jana, ningemlaumu nani? Umeniokoa jicho. Mungu akulipe, Dada, mimi sina cha kukulipa."

Dada mtu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani. Alimgeukia kule ilikotoka sauti. Alichokiona ni doa la uso, lisilo na macho wala mdomo.

"Nitakuuliza kitu kimoja," akasema. "Mwezi wa tatu nilisafiri kwenda wapi?"

Nje kitoroli cha chai kilipita, kikombe kikagonga kikombe.

"Walikuambia," mdogo mtu akasema hatimaye.

"Kwenda wapi? Nilipendezwa huko? Nilikuletea zawadi gani?"

"Dada..."

"Nataka kujua tu."

"Niliogopa." Sauti ilikuwa imeanza kukatika. "Miaka yote ile mtu akivaa nguo niliyoishona mimi wanamwambia, huu ni mkono wa dada mtu. Hata sasa. Hata lile gauni la lulu, mama wa bibi harusi aliniuliza kama wewe ndiye uliyelikata. Nikasema ukipona tu, mimi narudi kwenye pasi. Nikasema nimpe mwezi mmoja, watapiga tena. Mwezi ukaisha, hawakupiga. Nikasema mwezi mwingine. Nilikuwa nakuona unavyopapasa kikombe, na roho inaniuma, na simu siipigi. Nilikuonea wivu, Dada. Wewe kipofu, mimi naona, na bado nilikuonea wivu."

Na sasa alikuwa anapumua vile mtu anavyopumua kabla ya kulia, kwa kuvuta vuta, na bega lake likaanza kutikisika. Dada mtu akanyoosha mkono, akakikosa kichwa mara ya kwanza, akakipata mara ya pili. Akamshika kidevu, akakaza.

"Usilie!"

"Dada, nisamehe..."

"Nimesema usilie. Umesikia muuguzi alivyokataza? Lenzi hiyo nimeifuata kwa pikipiki, huniharibii." Hakukiachia kidevu. "Kesho utapiga simu hapa, kwa mdomo wako, uwaambie dada amerudi safari. Watanitoa wangu. Siku nitakapofunguliwa bandeji nitakaa mbele yako kama hivi. Siku hiyo ndiyo utalia, mdogo wangu, na utalia sana, na mimi nitakuwa naona."